Vioo Kumi na Viwili vya Bwana Vickery

Dulcie Trembath alikuwa na meza moja duniani, na hata hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Bwana Sproule, mwenye Sinema ya Bellbird pale Northcote, kitongoji cha Melbourne, imesukumwa hadi dirishani katika kijichumba nyuma ya dirisha la tiketi. Kwenye meza hiyo, kwa miaka sita, Dulcie alichora matangazo juu ya vioo. Vioo vyenyewe vidogo, vya kutosha kiganjani, lakini jioni ya Jumamosi vikiingizwa kwenye ile taa kubwa ya kurushia picha kule juu vilitokea kwenye pazia vikiwa vikubwa kama nyumba.

Na Jumamosi ya Bellbird ilikuwa Jumamosi kweli. Kila familia ilikuwa na viti vyake vya kudumu, mwaka nenda mwaka rudi, na ole wako ukikutwa umekalia kiti cha akina Hanrahan. Watu walifika mapema makusudi waone vioo. Walitaka kujua wiki hii Dulcie kamfanya nini Bramley mwenye bucha: kamchora anakimbizana na soseji zake, au kampandisha ng'ombe kwenye tramu. Mwenye duka ambaye hajatokea kwenye pazia la Bellbird alihesabiwa kuwa bado hajafungua.

Kabla ya meza hiyo Dulcie alikuwa kwenye kiwanda cha jamu. Miaka saba amesimama mbele ya sufuria la shaba lenye ukubwa wa beseni la kuogea, plamu zinachemka na kumrukia. Mikono yake hadi kwenye viwiko ilikuwa na madoa ya kuungua, na hata Januari, jua linapowaka hadi lami inayeyuka, alivaa mikono mirefu. Sasa ana miaka thelathini na minne, hana mume, hamtafuti, ana brashi saba na dirisha. Ukimwuliza anataka nini tena maishani atakwambia anataka uondoke kwenye mwanga.

Basi Jumanne moja ya mwaka 1924 Bwana Sproule akaingia, akasimama kwenye mwanga.

"Dulcie," akasema, "kuna kampuni ya mjini inatengeneza vioo kwa mashine. Picha za kamera, safi. Wanamleta kijana wao."

"Aje kufanya nini?"

"Kujaribu. Jumamosi mbili tu. Ya pili, wakati wa mapumziko, wenye maduka watasema wanataka vipi, vyao au vyako."

"Wakitaka vyao?"

Bwana Sproule alikuwa mtu mpole, na watu wapole ndio wabaya zaidi siku ya habari mbaya, maana hawaisemi. Akaangalia viatu vyake. "Kule kiwandani wanakukumbuka vizuri," akasema, "niliulizia."

Dulcie aliosha brashi ambayo ilikuwa safi, akaiosha tena. Harufu ya plamu ilikuwa imemjia puani kana kwamba sufuria liko chumba cha pili. Alisema moyoni, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwamba harudi.

Kijana mwenyewe, Lionel Vickery, alifika Alhamisi. Nywele zinang'aa mafuta, tai ya rangi ya haradali, sanduku la vioo kumi na viwili mkononi. Mwaka uliopita alikuwa anauza sabuni mlango kwa mlango, na ulimi wake bado ulikuwa unateleza.

"Kwa hiyo wewe ndiye mama wa brashi," akamwambia Dulcie.

"Mimi siye mama yako. Bi Trembath."

"Usikasirike, Bi Trembath. Maendeleo hayana ubaya na mtu." Akafungua sanduku. "Bado kazi moja ndogo. Kiwandani kwetu hawabandiki nukta, wanasema kila sinema ina yake. Nyie mnaibandika wapi?"

Hapa nikueleze, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Lenzi ya ile taa hugeuza kila kitu, kwa hiyo kioo lazima kiingie kichwa chini ndipo picha isimame kwenye pazia. Alf Noakes, mwendesha mashine, yuko gizani, joto limemkaba, mashine inanguruma. Hana nafasi ya kutazama picha. Anatazama nukta nyeupe ya karatasi tu. Nukta hubandikwa pembe ya chini, kushoto, kioo kikiwa kimesimama sawasawa machoni pako. Kioo kikishageuzwa, nukta inapanda juu kulia, na hapo ndipo kidole gumba cha Noakes kinapoikuta. Kila aliyefanya kazi ya vioo analijua hilo kama anavyojua njia ya chooni kwake.

Dulcie alifungua mdomo amweleze. Aliufungua kweli, mnisadiki. Lakini kijana alikwisha kuinua mkono.

"Usijisumbue, nimeshapanda juu nikamwona yule mzee. Kidole gumba chake kinashika juu, kulia. Kwa hiyo nukta inakaa juu, kulia. Ni akili ya kawaida tu." Akakiinua kioo cha kwanza, kimesimama vizuri kabisa, akaonyesha pembe ya juu. "Hapa. Au siyo?"

Dulcie akaitazama ile pembe. "Kidole gumba cha Noakes kinakaa juu kulia," akasema. "Hilo ni kweli tupu."

"Nilijua."

"Una gundi?"

"Hapana."

"Chukua yangu," akasema Dulcie, akampa na kikombe cha chai juu yake.

Jumamosi ikafika. Kabla tu ya mapumziko taa zikapungua, yule mama mpiga piano wa sinema akaanza kile kimuziki chake cha matangazo, na kioo cha kwanza kikatokea. Kilikuwa cha Bramley. Fahali mkubwa, picha ya kamera, kila unywele unaonekana, amelala chali na miguu yote minne juu darini. Maandishi nayo yako kichwa chini.

Mzee Hanrahan akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyo kachinjwa leo asubuhi kabisa," na watu wakavunjika mbavu. Kikaja cha daktari wa meno, meno ya chini juu na ya juu chini. Kikaja kitanda cha duka la samani kinaning'inia kama popo. Watu walipinda shingo, wakalaza vichwa kwenye mabega ya jirani, wakaanza kusoma kwa pamoja kama watoto wa shule, neno kwa neno, vioo vyote kumi na viwili. Kule juu Noakes aliwasikia kwa mbali akadhani wamependa, akaendelea kufuata nukta. Vickery, kiti cha mbele, alizama hadi zikabaki zile nywele zinazong'aa. Dulcie alikaa wima, mikono mapajani, uso wa mtu aliyeko kanisani. Ndani alikuwa anaruka.

Usiku ule alilala usingizi mnono. Jumatatu akaja kazini anaimba, na wimbo wake ulikomea mlangoni, maana ukumbi wa mbele ulikuwa umejaa wenye maduka na wote walikuwa wanacheka.

"Kuanzia saa moja," Bramley alikuwa anasema, aproni bado inachuruzika, "wanawake wananiingilia dukani, 'Nipe kipande cha yule aliyelala chali.' Saa nne sina hata figo. Miaka ishirini nauza nyama, sijaona."

"Mimi wamenunua kwangu vitanda viwili," akasema mwenye samani.

Hata Bwana Peever, mwenye majeneza, alikuwa anatabasamu, na Peever alitabasamu kwa tahadhari kwa sababu ya biashara yake. Katikati yao amesimama Vickery. Dulcie alipoingia, uso wa kijana ulikuwa bado umepauka. Sasa ulikuwa unarudiwa na rangi kidogo kidogo, kama mtu aliyetoka kuzama akakuta wanampigia makofi.

"Ulifikiriaje, kijana?" Bwana Sproule akauliza.

"Saikolojia," akasema Vickery. "Kitu kikikaa sawa, jicho linakipita. Kikipinduka, jicho linasimama. Nimekipanga kila kioo mwenyewe. Jumamosi ijayo nitafanya tena, na nimeshamwandikia mkubwa wangu aje kuona." Akamgeukia Dulcie, na lazima niseme alikuwa na uso mkavu. "Kuanzia leo upangaji wote ni wangu, mtu asiguse. Bi Trembath ataninyanyulia sanduku tu hadi juu kwa Noakes, kama hataona vibaya."

"Sioni vibaya," akasema Dulcie.

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, akaketi. Alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake miwili. Neno moja tu siku ile ya Alhamisi na vioo vingetokea wima, butu, watu wangepiga miayo, na meza ingebaki yake. Sasa ujinga wa kijana umekuwa akili, na chai alimpikia yeye. Akaanza kulia kwa hasira, kimya kimya, kwa dakika kama tano. Kisha akasema basi, akapuliza pua.

Jumamosi, saa tisa mchana, Vickery akamkabidhi sanduku. "Polepole nalo," akasema. "Mpangilio uko sawa, nukta ziko sawa. Wewe beba tu."

Ngazi za kupanda kwa Noakes zilikuwa za nyuma, nyembamba, na katikati yake kuna kidirisha kinachotazama nyuma ya duka la viatu. Dulcie akaketi pale. Hakuwa na mpango. Alitaka kuvuta pumzi. Lakini mkono wa miaka sita una mazoea yake, na ukiupa kioo utakiinua kwenye mwanga kabla mwenyewe hajafikiri. Akainua cha Bramley. Fahali yupo, na pembeni, kitu ambacho juma lililopita hakuna aliyekitazama kwa kuhangaika na miguu ya fahali, kuna bwana mwenye masharubu yaliyosokotwa ncha, leso shingoni, uma mkononi, anakula nyama.

Akainua cha fundi suti. Bwana yule yule, masharubu yale yale, ndani ya suti mpya.

Akavitoa vyote haraka. Alikuwemo kwenye cha mwuza dawa, ameshika tumbo, uso umekunjamana. Alikuwemo kwenye cha samani, amelala kitandani, macho yamefumba, mikono kifuani. Kampuni ilikuwa imemlipa mtu mmoja siku moja apigwe picha za biashara zote za Melbourne, na mahali pa jina la duka wakaacha wazi. Kwenye cha Peever hakuwepo, kulikuwa na jeneza na maua, na maneno, "Tutakuhudumia kwa upole." Na kwenye cha duka la kofia palikuwa na mwanamke mzuri amevaa kofia nyeusi, anacheka.

Dulcie alivilaza kwenye mapaja akavitazama kwa muda. Meno yake yalionekana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Akalowesha kidole kwa mate. Nukta ya kwanza ilitoka kwa ukucha bila ubishi, gundi yake mwenyewe, aliujua udhaifu wake. Akazihamisha zote kumi na mbili zikakae chini kushoto, pale zilipostahili kukaa tangu mwanzo. Halafu akavipanga upya, suti kwanza, akafunga sanduku, akampelekea Noakes na kumwuliza hali ya mgongo wake.

Jioni ile watu walikuwa wamesimama hadi kwenye kuta. Walikuja hata wa kutoka Preston, kitongoji cha jirani. Wengine walikuwa wameshaanza kunyoosha shingo. Mkubwa wa Vickery, bwana mnene wa suti ya kijivu, alipewa kiti karibu na Bwana Sproule. Piano ikaanza.

Suti ikatokea, wima. Mnong'ono wa kukata tamaa ukapita ukumbi mzima. Ndani ya suti anatabasamu bwana wa masharubu.

Kikafuata cha Bramley, wima. Fahali amesimama kama fahali yeyote, na watu, kwa kuwa hakuna cha kupindia shingo, wakatazama pembeni. Bwana wa masharubu anakula nyama.

Kikafuata cha dawa. Bwana wa masharubu ameshika tumbo.

Kisha mzee Hanrahan, polepole, akasema, "Bramley, ulimpa nini?"

Kicheko kilianzia nyuma. Kitanda kilipotokea, bwana amelala na mikono kifuani, kicheko kilikuwa kimefika mbele. Lilipotokea jeneza la Peever hata mama wa piano aliacha kupiga, akalaza kichwa kwenye meza ya piano, mabega yanatikisika. Na alipotokea yule mwanamke wa kofia nyeusi anacheka, mtu akasema, "Huyo ndiye mjane, na ona alivyoumia," na hapo hapakuwa na sinema tena, palikuwa na watu wazima wanafutana machozi. Vioo sita vya mwisho hakuna aliyeviona.

Mapumziko. Ukumbi wa mbele. Bramley alitoka wa kwanza, shingo nyekundu, amevaa kola yake ya Jumamosi.

"Nani kavipanga hivi?" akauliza. Hakupaza sauti, na ndiyo iliyotisha. "Mke wangu kanikalia pale ananiuliza kama ile nyama ilikuwa ya juzi. Mke wangu."

Mwuza dawa naye alikuwa nyuma yake, anasema dawa yake haijawahi kumpeleka mtu kitandani, achilia mbali kwa Peever. Bwana Sproule alikuwa anamtazama Dulcie, na Dulcie alijua kwamba anajua. Akaona sufuria la shaba, akaona foleni ya wanawake wa alfajiri getini.

"Bwana Vickery ndiye anayepanga," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Alisema Jumatatu, mbele yenu wote. Mtu asiguse."

Macho yote yakamgeukia kijana. Na mkubwa wake yule wa kijivu naye akamgeukia, nyusi juu, maana mfukoni alikuwa na barua ya kurasa nne kuhusu saikolojia.

Vickery akafungua mdomo. Ungemwona akipima. Akisema vimeguswa, ataulizwa vilitakiwa vikaeje. Akisema vilitakiwa kupinduka, mtu yeyote wa kazi hii atamwuliza zile nukta alizibandika wapi na kwa nini, na ujinga wake wa Alhamisi utajulikana, maana Noakes yuko hapo mlangoni na chai yake. Tai ya haradali ilipanda na kushuka. Akamtazama Dulcie. Hakuwa anamlaumu, alikuwa anamwomba, na Dulcie akaangalia pembeni.

"Ni mimi," akasema Vickery. "Nimevipanga mimi. Niliona... nilidhani watacheka."

"Wamecheka," akasema Bramley. "Sasa funga sanduku lako. Sproule, mimi nataka vya Dulcie. Kwenye vioo vya Dulcie hajafa mtu."

Mwuza dawa akasema hivyo hivyo, na mwenye samani, na fundi suti. Peever peke yake alichelewa kusema. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kucheka kwa kumwona, akasema, na yeye kwa kweli hakuona ubaya wake; lakini kama wengine wameamua, sawa. Bwana wa kijivu akavaa kofia yake akatoka bila kuaga.

Bwana Sproule alimsogelea Dulcie hadi karibu. "Jumatatu mezani kwako, kama kawaida," akasema chini chini. "Na ngazi za nyuma nitaweka taa, watu wasiwe wanapumzika pale."

"Ndiyo, Bwana Sproule."

Alipaswa kufurahi, na alifurahi kweli. Akatoka nje apate hewa. Kituo cha tramu kilikuwa mbele tu ya Bellbird, na pale alikuwa amesimama Vickery, sanduku miguuni, nywele zimeanza kumwangukia usoni. Bila lile tabasamu alionekana mdogo, labda wa miaka ishirini na miwili.

"Yule mkubwa wangu kaniambia nisirudi," akasema bila kumtazama. "Na ile kazi ya sabuni walishampa mtu mwingine."

Dulcie akasimama kando yake.

"Ile mara ya kwanza nilikosea mwenyewe, najua. Leo ni wewe."

"Leo ni mimi."

"Siku ile ningekuuliza tu kiungwana, nikae chini, niseme Bi Trembath, mimi sijui kazi hii, nifundishe. Ungeniambia?"

Tramu ilikuwa inashuka barabarani, kengele inalia. Dulcie alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, lingemgharimu nini, na kijana alikuwa analingoja. Lakini jioni nzima alikuwa hajasema uongo hata mmoja.

"Hapana," akasema. "Nisingekwambia."

Vickery akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akapanda na sanduku lake. Dulcie alisimama pale mpaka tramu ikapita kona, mikono ameikunja kifuani, mikono mirefu ya gauni hadi kwenye vifundo, kisha akarudi ndani kwa sababu sehemu ya pili ya filamu ilikuwa imeanza na kiti chake kilikuwa katikati ya safu, na watu ingebidi wainuke kumpisha.